Sururu, nyundo au mawimbi: upimaji upi wa ardhi kwa barabara na daraja hapa Dar

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Injinia, kupima udongo ni shilingi ngapi kwa mita?" Anayeuliza ana barabara ya mtaa inayosubiri lami, au kalavati lililobebwa na mvua za masika, na mezani kwake kuna bei tatu za watu watatu. Mmoja atachimba mashimo kwa sururu. Wa pili ataleta mashine ya kuchoronga. Wa tatu ana mtambo wa mawimbi na anaahidi kumaliza kwa siku moja. Bei zimepishana kama mbingu na ardhi, lakini karatasi zote tatu zimeandikwa "uchunguzi wa ardhi", utadhani ni sukari ya maduka matatu.

Hawauzi kitu kimoja. Kila njia ina kinachoonekana kwayo na kinachoipita bila kuonekana. Mimi nikipewa karatasi hizo huacha bei pembeni kwanza, nauliza: pale penyewe panapojengwa, ni kitu gani kikifichika kitatuumiza? Dar hii jibu hubadilika ndani ya safari moja ya daladala.

Ardhi tuliyokalia

Ukitoka Pugu ukashuka hadi Oyster Bay umepita angalau ardhi tatu. Kwenye vilima vya Pugu kuna mawe ya mchanga yenye kaolini, ule udongo mweupe unaojulikana tangu enzi. Sehemu kubwa ya mji iliyoinuka imekaa juu ya mchanga, kwingi ukiwa umeshikwa na mfinyanzi mwekundu. Mkavu ni mgumu kama tofali. Ukilowa unakuwa kitu kingine kabisa. Pwani, kuanzia Kunduchi, Msasani mpaka ng'ambo ya Kigamboni, kuna matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe la chokaa.

Halafu kuna mabonde: Msimbazi, Kizinga, Mzinga, Mbezi, Tegeta, Mpiji. Hapa ndipo madaraja mengi hujengwa, na hapa ndipo ardhi ilipo mbaya zaidi. Miaka 20,000 hivi iliyopita, wakati wa zama za barafu, bahari ilikuwa chini ya ilivyo leo kwa zaidi ya mita 100. Mito ya pwani ikachimba mabonde yake kwa kina ili kuifuata bahari huko chini. Bahari iliporudi juu, mabonde yale yakajaa tope na mchanga. Ndiyo maana bonde linaloonekana tambarare na la kawaida kwa macho linaweza kuwa limefukia bonde jingine chini yake, na kingo mbili za mto zilizoachana mita 40 zikawa na ardhi tofauti.

Barabara: shimo la sururu au DCP

Kwa barabara unachotafuta kwanza ni nguvu ya udongo wa chini utakaobeba tabaka zote. Mwongozo wa usanifu wa lami wa Wizara ya Ujenzi wa mwaka 1999 unaupanga udongo huo katika makundi S3, S7 na S15. Namba ni CBR, yaani nguvu ya udongo kwa asilimia ukiulinganisha na kokoto bora iliyosagwa. S15 ni 15 na kuendelea, S7 ni 7 hadi 14, S3 ni 3 hadi 6. Ukishuka chini ya 3, jiandae kuuondoa udongo huo au kuutibu.

Njia ya haraka ya kuikisia namba hiyo ni DCP, chuma chembamba chenye ncha ya nyuzi 60 kinachogongelewa ardhini. Nyundo yake ina kilo 8 na inaanguka sentimita 57.5. Unapiga, unasoma chuma kimezama milimita ngapi, unaandika. Watu watatu na rula wanatosha, na pointi moja ya kina cha sentimita 80 haimalizi robo saa. Mashimo ya sururu ni vibarua, chepe, ruhusa ya mwenye duka ambalo shimo liko mlangoni kwake, na viroba vya udongo vya kupeleka maabara. Kwa bei na kasi, DCP inashinda hata kabla hatujaanza kushindana.

Tatizo lake ni kwamba inapima udongo wa siku ile. Niliwahi kufanya kazi kwenye mtaa mmoja wa bondeni wenye udongo mweusi wa mbuga. Ilikuwa Februari, ardhi imepasuka nyufa za kuingia kiganja. Chuma kilizama milimita 12 kwa kipigo, ambayo kwa fomula ya TRL, maabara ya utafiti wa usafiri ya Uingereza, ni CBR ya 22 hivi. Furaha tele: S15! Sampuli ya shimo lililokuwa hatua mbili pembeni ikalowekwa maabara siku 4, kama jaribio linavyotaka, ikatoka 3. Mwenye mradi akasema maabara wamekosea. Mei tukarudi palepale na chuma kilekile: milimita 50 kwa kipigo, sawa na CBR isiyofika 5. Maabara hawakukosea. Februari tulikuwa tumepima jua.

La pili ambalo DCP haiwezi kukuambia ni jina la kitu inachopita ndani yake. Mji huu una majalala yaliyofukiwa na viwanja vilivyoinuliwa kwa kifusi cha kila aina. Chuma kikizama haraka kinaandika "laini", basi. Shimo ndilo linalokuonyesha kandambili, nailoni na vifuu vya nazi kwenye kina cha mita moja na nusu, juu yake kifusi kizuri chekundu cha kumdanganya mnunuzi. Hapo hakuna fomula. Ni kuchimba na kuondoa.

Kwa hiyo kwa barabara ya mtaa mimi hutumia DCP kama kipofu anavyotumia fimbo: napiga karibukaribu njia nzima, naona wapi panabadilika, kisha nachimba mashimo pale tu panapobadilika. Kanuni za Ulaya, Eurocode 7, zinapendekeza uchunguzi wa barabara ufike angalau mita 2 chini ya usawa wa udongo wa barabara iliyokamilika, na nafasi kati ya pointi iwe mita 20 hadi 200. Mabondeni nakaza karibu na 20, kule juu nalegeza. Shimo likipita kina cha kifua, usimshushe kibarua bila kuegemeza kuta. Mchanga wetu haupigi honi kabla ya kuanguka.

Anayekuja na DCP peke yake kiangazi, bila sampuli hata moja ya maabara, bei yake isome kama bei ya nusu ya kazi.

Daraja: kuchoronga kwa SPT au kusukuma CPT

Hapa pana mengi zaidi, na hela nyingi zaidi.

SPT ndiyo inayofahamika na kila mtu. Mashine inachoronga, kila mita moja au moja na nusu wanasimama, wanashusha bomba lililopasuliwa kati, wanalipiga kwa nyundo ya kilo 63.5 inayoanguka sentimita 76. Wanahesabu vipigo vya kuzamisha sentimita 15 mara tatu. Za kwanza haziingizwi kwenye jumla kwa sababu udongo wa juu umevurugwa na kuchoronga. Jumla ya mbili za mwisho ndiyo N. Ikifika 50 kabla ya kumaliza, wanasimama. Kisha bomba linafunguliwa kama ganda la karanga na udongo uko ndani unautazama. Faida hiyo haina mpinzani: una namba na una udongo wenyewe mkononi, unaunusa. Tope la mikoko linanuka yai viza na lina vigamba vya kombe. Hata asiyejua kusoma jedwali anajua hapa hapajengwi kienyeji.

CPT haichorongi. Lori au mtambo uliofungwa nanga unasukuma fimbo yenye ncha ya sentimita za mraba 10, polepole, sentimita 2 kwa sekunde, na kompyuta inaandika ukinzani wa ncha na msuguano wa ubavuni kila baada ya sentimita moja au mbili. Zile zenye kipimo cha shinikizo la maji huandika na hilo. Mahali ambapo SPT inakupa namba moja kwa mita, CPT inakupa 50 au zaidi.

Kwenye tope la Msimbazi tofauti hiyo si ya kifahari. Nimesimama kwenye kisima cha kuchoronga bondeni, fundi ameshika kamba tayari kuanza kuhesabu, bomba likazama lenyewe kwa uzito wa fimbo kabla nyundo haijanyanyuliwa. Akanitazama: "Injinia, niandike ngapi?" Sifuri. Mita iliyofuata, sifuri. Sifuri mbili hazikuambii lipi ni tope la kubeba tuta la mita 2 na lipi litakimbia pembeni siku ya kwanza rola ikipita. CPT inakuambia. Ikikosekana, omba jaribio la panga za msalaba, zile bapa nne zinazozungushwa ndani ya tope hadi likatike. Ni la bei ndogo, na sielewi kwa nini watu hulisahau kwenye zabuni.

Kuna kosa la SPT ambalo haliandikwi kwenye taarifa yoyote, lakini ndilo linaloharibu namba nyingi hapa kwetu. Mchanga ulio chini ya usawa wa maji ya ardhini una shinikizo la maji hayo ndani yake. Fundi akiacha maji ndani ya shimo yashuke chini ya usawa wa maji ya nje, maji ya nje yanakimbilia ndani kwa kupitia chini ya shimo na kuubeba mchanga. Unachemka kama uji. Kisha anapiga nyundo kwenye mchanga aliouvuruga mwenyewe: N inatoka 6 mahali penye 20. Msanifu anaongeza urefu wa nguzo za msingi zinazozama ardhini, mwenye mradi analipa saruji na nondo za bure. Dawa yake ni kuliacha shimo limejaa maji au tope la bentonaiti (mfinyanzi wa kuchorongea) muda wote, hasa wakati wa kutoa vyuma. Ukitembelea saiti, chungulia shimo. Usione aibu kuuliza maji yako wapi.

Kosa la upande wa pili ni vipande vya matumbawe ndani ya mchanga. Bomba linagonga kipande kama ngumi, N inaruka hadi 50, na karatasi inaandika "mchanga ulioshikamana sana". Namba moja kubwa katikati ya namba ndogo iwe na maelezo. Isipokuwa nayo, ishuku.

CPT nayo ina yake. Haileti udongo, kwa hiyo unasoma ardhi kwa kukisia kutokana na namba. Ikigonga tumbawe, inasimama au inavunja fimbo. Halafu kuna suala la lori la tani nyingi kuingia Jangwani baada ya mvua, ambako hata trekta huitiwa trekta. Mitambo yenyewe ni michache, na gharama ya kuleta mmoja hailingani na kalavati la mita 6. Inaanza kulipa pale unapokuwa na mtambo mmoja wa kupima pointi nyingi kwenye bonde pana.

Ukinibana nichague, kwa daraja la bondeni sichagui moja peke yake. Kama fedha inatosha mashimo sita ya kuchoronga, nachukua manne na kinachobaki naweka kwenye CPT katikati yao. Fedha ikiwa ya mashimo mawili tu, nachukua mawili ya SPT yenye panga za msalaba na sampuli za bomba jembamba ambazo hazijavurugwa, na CPT naisahau. Ila CPT peke yake, bila shimo hata moja la kuchoronga, sikubali hata ikiwa ya bure.

Kuhusu hizo sampuli ambazo hazijavurugwa: zinafungwa nta pande zote mbili, zinasafirishwa zikiwa wima, taratibu. Nimeona moja ikipelekwa maabara kwa bodaboda kutoka Mbagala, imelazwa tangini. Iliyofika ilikuwa uji.

Jambo jingine la kupima kwenye bei: mashimo yako wapi? Wengi huyaweka chini ya nguzo za daraja tu. Lakini daraja likishakaa kwenye nguzo ndefu halishuki. Kinachoshuka ni tuta la kupandia daraja, lililowekwa juu ya tope. Abiria wa daladala anajua vizuri kile kishindo mwanzoni mwa daraja. Angalau shimo moja kila upande liwe kwenye tuta. Eurocode 7 inapendekeza pointi mbili hadi sita kwa kila msingi wa daraja, na kina kipite ncha ya nguzo kwa angalau mita 5. Kwa daraja dogo la kata hutafika sita. Chini ya shimo moja kwa kila upande wa mto, kwa nilivyoeleza kuhusu mabonde yetu, ni kubahatisha.

Mkigonga mwamba

Hili ni la pwani, na ndilo lililonifanya niandike.

Kulikuwa na kazi ya daraja dogo karibu na ufukwe. Mtu mwingine alikuwa amepima kabla yetu, taarifa yake ikasema: mwamba mita 2.4, msingi wa kawaida unafaa. Mkataba wetu ulikuwa wa kuthibitisha tu. Tulipofika 2.4 kweli chuma kikaanza kulia, maji ya kurudi yakawa meupe kama maziwa. Fundi mkuu, mzee aliyechoronga kabla mimi sijaanza shule, akafuta jasho: "Injinia, tumegonga mwamba. Tufunge?" Nilitamani kusema ndiyo, jua lilikuwa kali. Nikamwambia, "Mzee wangu, tuongeze mita tatu."

Mita ya kwanza jiwe. Katikati ya ya pili, maji ya kurudi yakakatika ghafla, na fimbo ikadondoka sentimita 40 hivi bila mtu kuigusa. Pango. Chini yake jiwe kidogo tena, kisha mchanga mlegevu, N ya 8. Ule "mwamba" ulikuwa kofia.

Matumbawe yana tabia hiyo. Maji ya mvua huyeyusha chokaa na kuacha mianya, na bahari ya kale ilijenga matumbawe juu ya mchanga wake yenyewe. Kwa hiyo kwenye mwamba wa pwani, anayeishia pale chuma kilipolia na anayechoronga mita 3 hadi 5 ndani ya jiwe wanakuuzia vitu viwili tofauti, ingawa wote wanaandika "hadi mwamba".

Mtazame pia anachoronga kwa bomba gani. Bomba la ukuta mmoja linasaga tumbawe laini na kulisafirisha na maji. Lenye kuta mbili linalihifadhi. Vipande vinapangwa kwenye visanduku vya mbao kwa mfuatano wa kina, vinapigwa picha vikiwa na maji. Hapo unapima RQD: jumla ya vipande vyenye sentimita 10 au zaidi, ukigawa kwa urefu uliochorongwa. Umechoronga mita 1.5, vipande virefu jumla yake sentimita 60, basi RQD ni asilimia 40, jiwe hafifu. Ila kwa matumbawe RQD peke yake inadanganya. Nataka kuona pia imepatikana sentimita ngapi kwa jumla, maji yalikatikia wapi na fimbo ilidondokea wapi.

Mawimbi na umeme

Huyu wa tatu anayemaliza kwa siku moja si tapeli. Anapiga nyundo nzito juu ya bamba la chuma, vipokezi vilivyopangwa mstari vinasikia mtikisiko, na kutokana na muda wa kufika anachora tabaka. Kwa njia ndefu ya barabara kwenye vilima, kutafuta mwamba uko kina gani kabla ya kukata mlima, ni kazi nzuri na ya bei nafuu.

Pwani yetu ndipo anapokwama. Njia ya kawaida ya mawimbi yanayopinda inahitaji kila tabaka la chini lipitishe mawimbi kwa kasi kuliko la juu. Matumbawe juu ya mchanga ni kinyume chake: mchanga uliofichwa hauonekani kabisa, na mchoro utakuonyesha mwamba mzuri moja kwa moja. Ni lile kosa la mita 2.4, safari hii kwa rangi. Yapo mawimbi ya juu ya ardhi, MASW, yanayoweza kuona tabaka laini chini ya gumu. Muulize anatumia yapi. Asipojua tofauti, umeshapata jibu.

Njia ya umeme inapima ardhi inavyokataa umeme kupita. Mfinyanzi unaupitisha kirahisi. Mchanga uliojaa maji ya chumvi pia. Karibu na Salender au Kurasini mtambo hauwezi kukutofautishia hivyo viwili bila shimo la kuchoronga la kuulinganisha nalo. Mbali na bahari, sina ugomvi nao.

Zile karatasi tatu

Turudi mezani. Barabara ya mtaa kule juu, Kimara au Ukonga: DCP na mashimo machache ya sururu, mwenye mashine ya kuchoronga mshukuru aende. Kalavati au daraja dogo bondeni: mwenye mashine, mashimo mawili au zaidi, moja kila upande, panga za msalaba ziwemo. Daraja la pwani kwenye matumbawe: mwenye mashine yenye bomba la kuta mbili, na mkataba uandike mita za kuingia ndani ya jiwe, usiandike "hadi mwamba". Mawimbi yaje kwa barabara ndefu au kusaidia kuunganisha mashimo kwenye daraja kubwa. Popote pale, shimo moja liachwe na bomba lenye matundu ili usawa wa maji upimwe Aprili, hata kama kazi imefanyika Agosti. Maji na udongo vipimwe chumvi na salfeti (zinazokula zege na nondo) pia, maana saruji ya msingi haitahama mtaa.

Wawili wakifanana kwa njia na kwa bei, waombe wakuonyeshe daftari la saiti la kazi iliyopita. Taarifa iliyochapwa na kujaladiwa waache nayo. Daftari la kweli lina alama za vidole vya tope, kalamu mbili tofauti kwa sababu moja iliisha wino, saa zimeandikwa, na mahali fulani pana maneno kama "mvua, tumesimama 8:40 mchana" au "maji yamekatika". Nimewahi kupewa moja la mashimo matano, jeupe pee, mwandiko mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kila N kwenye kila shimo inapanda vizuri kuelekea chini: 5, 10, 15, 20. Niliomba nionyeshwe visanduku vya sampuli. Nikaambiwa viko njiani.